London Kwenye Mteremko wa Kianjokoma

Kitabu tulichopewa kilikuwa na picha ya saa kubwa kwenye jalada, na mimi sikukipenda tangu siku ya kwanza. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo kitabu kibaya nakitambua kabla sijakifungua. Hiki kilikuwa cha watu wanaojifunza Kiingereza ili wakatalii London. Ukurasa huu saa, ukurasa ule jumba la mfalme, ukifunua tena ni daraja lenye minara miwili. Wanafunzi wangu walikuwa wakulima wa chai wa Kianjokoma. Nilimwuliza pasta kama anataka niwafundishe watu kuchuma minara. Akacheka, akaniambia, "Mwalimu Rwamba, vitabu vyenyewe ni vya bure." Basi nikavibeba mwenyewe mpaka darasani, nikinung'unika njia nzima.

Tulikutana Alhamisi jioni, majani yakishapimwa, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Walikuja watu wazima tu, vidole vyao bado vina rangi ya chai, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Gladwell, mwenye kinu cha kusaga unga, alikuwa na wajukuu mtaa wa Majimbo, mjini Embu, wasiojua hata neno moja la Kiembu, na alitaka kuwagombeza kwa lugha wanayoielewa. Mzee Munyi alitaka kusoma maandishi ya dawa za ng'ombe bila kumwita mtu. Wengine walikuja kwa sababu jirani alikuja.

Sababu ya Mama Kendi ndiyo iliyokuwa nzito. Jina lake ni Ciakuthii. Alizaliwa upande wa Meru, akaolewa huku kwetu Embu, na hata leo, akiwa mjane mwenye mvi, tunamtania kwa lafudhi aliyokuja nayo. Binti yake wa pekee, Kendi, ni muuguzi London, katika hospitali iliyo ukingoni mwa mto, ikitazamana na ile saa ya kwenye jalada. Kendi alikuwa amejifungua, na likizo yake ya uzazi ilikuwa inakaribia kwisha. Mama alikuwa anakwenda kukaa naye, amlee mtoto wakati mwenyewe yuko kazini.

Tatizo ni kwamba Kendi alikuwa amemwambia, "Mami, huku hutatoka peke yako. Utapotea. Utakaa ndani na mtoto mpaka nirudi."

Mwanamke huyu huamka kabla ya jogoo, anachuma chai, anakata nyasi, anapita kwa mgonjwa, anapita kwa aliyefiwa, anarudi nyumbani akiwa na habari za kijiji kizima. Sasa alikuwa anaambiwa akae kwenye nyumba ya ghorofa, dirisha halifunguki vizuri, miezi na miezi. "Nitakuwa kama kuku anayeatamia," alituambia, na hakuwa anacheka. Alikuwa amembembeleza Kendi mpaka wakaafikiana hivi: asomee mji huo kabla ya kwenda. Akiujua, atatoka apendavyo. Lakini akipotea hata mara moja tu, atakaa ndani mpaka siku ya ndege ya kurudi.

Basi kitabu nilichokichukia kikawa chakula cha mtu. Nikaacha kunung'unika.

Nilichora ramani ubaoni. Mto katikati, saa hapa, jumba la mfalme pale, gurudumu kubwa la kupandia watu ng'ambo ya mto, kanisa lenye kuba huku, daraja la minara kule mwisho. Niliwafundisha kulia, kushoto na moja kwa moja kwa Kiingereza, wakarudia kama kwaya. Kisha nikamwita Mama Kendi mbele, nikampa chaki, nikamwambia atoke kwenye saa aende kwenye kanisa la kuba. Aliitazama ramani, akanitazama mimi.

"Mwalimu, mlima uko wapi?"

"Mlima gani?"

"Wa London."

"London haina mlima, Mama Kendi."

Mzee Munyi alivua kofia, akaiweka magotini. "Sasa watu wa huko wanajuaje juu ni wapi?"

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini nikaona nyuso zote zinasubiri jibu hilohilo. Na kweli, huku kwetu nani husema kulia na kushoto? Mlima Kenya uko juu yetu, Mbeere iko chini yetu, na kila kitu duniani kiko ama juu ama chini. Duka liko chini ya shule. Shamba la fulani liko juu ya la fulani. Hata mkikaa watu wengi kwenye benchi, mtu huambiwa asogee juu kidogo ili mwenzake apate nafasi, na kila mtu anajua ni upande gani. Nilikuwa nimewapa mji usio na juu, halafu nashangaa kwa nini hawaoni njia.

Nilikwenda nyumbani nimenuna, nikala githeri nimenuna. Alhamisi iliyofuata niliwaambia waache vitabu mezani, tukatoka nje.

Kanisa letu limekaa kwenye mteremko, na pembeni yake kuna kijito kinachotoka msituni na kushuka mpaka kwa Mzee Munyi na zaidi. Kitabu kilisema kwamba mto wa London unatoka bara, unapita penye saa, unapita karibu na kanisa la kuba, unapita chini ya daraja la minara, ndipo unakwenda baharini. Basi saa iko juu na daraja liko chini. Ilikuwa rahisi hivyo, nami nilikuwa nimejichosha na chaki.

Kanisa letu likawa saa, kwa sababu lina kengele. Kituo cha kupimia majani, ng'ambo ya kijito, kikawa hospitali ya Kendi, na kibanda kilicho nyuma yake kikawa nyumba yake. Gurudumu la trekta lililotupwa ukingoni, upande huohuo wa kituo, likawa lile gurudumu kubwa. Tangi la maji la mviringo, chini zaidi upande wa kanisa, likawa kanisa la kuba. Daraja la magogo kwa Mzee Munyi, lenye mikaratusi miwili mirefu, likawa daraja la minara. Nyumba ya Gladwell ikawa jumba la mfalme kwa sababu ya mabati yake mekundu, na tangu siku hiyo Gladwell hakukalika naye.

"Mfalme ana ng'ombe wangapi?" Mzee Munyi aliuliza.

"Kitabu hakisemi."

"Hicho ni kitabu gani basi."

Tulipanda na kushuka ule mteremko jioni nyingi. *Go up to the clock. Cross the river. Go down to the big wheel.* Kilikuwa Kiingereza cha juu na chini tu, lakini kilitembea. Watu waliopita njiani walisimama kutusikiliza, na baada ya muda hata wauza ndizi walijua ukimtafuta Mzee Munyi unaenda darajani kwenye minara. Mama Kendi alikuwa anafanya mazoezi peke yake akienda kupima majani, kikapu mgongoni, akilisalimia kila jengo kwa Kiingereza. Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama huyo, na nilimwambia hivyo, nikaona anaficha tabasamu.

Mzee Munyi ndiye aliyetoa sheria ya mwisho. "Ukichanganyikiwa, Mama Kendi, tazama maji. Maji hutoka juu. Kwa Kendi ni juu. Wewe panda tu ukikutana nayo uso kwa uso, utafika." Sote tuliitikia kwa kichwa, nami nikiwemo. Hakuna aliyeona la kuongeza.

Kitu kimoja tu kilitushinda. Mwisho wa sura ile kulikuwa na sentensi za kuomba msaada njiani. *Excuse me* walisema vizuri. *Thank you* wakasema vizuri zaidi. Nikaandika ubaoni *I am lost*, nikawaeleza maana yake ni kwamba nimepotea, nikawaambia warudie. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Mwalimu, hiyo turuke," alisema Mzee Munyi.

"Kwa nini turuke?"

"Mtu mzima hapotei. Anazunguka kidogo."

Gladwell akamwunga mkono, na Gladwell na Munyi hawajawahi kukubaliana hata bei ya maziwa. Lakini nawaelewa. Kuna mzee mmoja wa upande wa msituni aliyepotea akitoka harusini, akaenda kubisha hodi kwenye boma lake mwenyewe kuuliza njia. Hilo lilitokea kabla sijaajiriwa, na mpaka leo wajukuu wake wanajulikana kama wale wa yule aliyepotea. Kwetu huku, kusema umepotea ni kuwaachia wanao jina.

"Na wewe, Mama Kendi?" nilimwuliza. "Wewe ndiye unayesafiri."

Alikunja mikono kifuani. "Mimi hiyo siwezi kusema, Mwalimu. Nikishaisema, nimeshapotea, na nitafungiwa." Tukairuka.

Aliondoka na unga wa wimbi na njugu za makadamia tulizomfungia, na sweta iliyofumwa na Gladwell yenye rangi ambayo haijapata jina. Kila Alhamisi alitupigia simu ya video wakati wa darasa. Tuliisimamisha simu yangu dirishani, ikiegemea vitabu vya nyimbo, tukajazana mbele yake. Siku ya kwanza alikuwa amefika kwenye saa tu, mtoto Mukiri yuko mgongoni amefungwa kwa leso, wazungu wanageuka kumtazama.

"Niko kanisani," alisema. "Hili lao limepakwa rangi ya dhahabu."

Wiki iliyofuata alikuwa kwa gurudumu. Wiki nyingine alipita kwa Gladwell, yaani kwenye jumba la mfalme, na Gladwell akauliza kama ua limefagiwa. Kendi alikuwa bado anamwuliza kila jioni kama amepotea, na kila jioni mama yake alimjibu, kichwa juu, kwamba hajapotea. Darasa langu lilifurahi kama limefaulu mtihani wa taifa. Mimi nilitembea sokoni Kianjokoma nikiwa na maringo ambayo ningemkemea mtu mwingine kwayo.

Ndipo ikaja ile Alhamisi. Simu ililia mapema, kabla sijafuta ubao. Uso wa Mama Kendi ulijaa kioo chote, na nyuma yake upepo ulikuwa unavuma.

"Mwalimu, mto umegeuka."

"Umegeuka vipi?"

"Asubuhi nilishuka nao vizuri, unaenda chini kama kawaida. Nikavuka bridge moja ya watu wa miguu, nikaona kanisa la kuba. Nikakaa hapo, nikampa Mukiri uji, akalala. Kurudi mtoni nikatazama maji, nikaanza kupanda nikikutana nayo, vile Mzee alisema. Nimepanda, nimepanda, saa siioni. Na maji yanakuja kwangu, takataka nazo zinakuja kwangu. Lakini huku sikujui, Mwalimu. Huku si juu."

"Maji hayawezi kupanda," alisema Gladwell.

"Labda umeingia mto mwingine," alisema Mzee Munyi, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa. Nilifikiri baridi imemwingia kichwani, au amekuwa mgonjwa na hajui. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, mji ule una watu wengi kuliko tunaoweza kuwafikiria, na sisi tuko huku na vitabu vya bure. Nilimwambia afungue ramani ya simu.

"Hiyo ramani inageuka kila nikigeuka. Ni kama mbuzi amefungwa kamba."

"Basi nimpigie Kendi."

"Usimpigie Kendi." Alisema haraka. "Mwalimu, nakuomba. Yuko kazini mpaka jioni. Akijua tu, kwisha mimi."

Tulitazamana. Gladwell ndiye aliyesogea mbele, akanisukuma kwa kiwiko, akaweka uso wake karibu na simu. Kisha akauliza kwa Kiingereza, taratibu, swali la ukurasa wa kwanza kabisa wa kile kitabu, lile la kumwuliza mtu anaona nini.

"*What can you see?*"

Mama Kendi alivuta pumzi. Nadhani alimwona Gladwell kama mwalimu. "*I can see a bridge*," alijibu. "*It is big. It has two towers.*"

Sote tuligeuka, tukatazama nje ya dirisha, chini kabisa kwenye mikaratusi miwili.

"Uko kwangu," alisema Mzee Munyi polepole. "Mama Kendi, umeshuka mpaka kwangu."

"Siwezi kuwa kwako. Nimekuwa nikipanda."

"Minara ni mingapi?"

"Miwili."

"Katikati ni daraja?"

"Ni daraja."

"Basi uko kwangu. Wacha maji. Maji yamefanya vituko vyao leo, lakini nyumba hazitembei."

Tulitoka nje na simu, wote kwa pamoja, tukasimama pale kanisani tunapouona mteremko mzima. Tukamwambia ageuke, aipe minara mgongo, asiuache ukingo, apande mpaka aone kuba. Akishaona kuba, apite, apande tena mpaka aone gurudumu ng'ambo, na kutoka hapo saa itajionyesha yenyewe. Wengine walisema kwa Kiingereza, wengine kwa Kiembu, mmoja kwa Kimeru ili amfurahishe.

"Lakini nikigeuka hivyo," alisema Mama Kendi, "nitakuwa natembea pamoja na maji."

Mzee Munyi alikitazama kijito chetu kinavyoshuka. Mtu huyu amenywesha ng'ombe kwenye kijito kile tangu utotoni. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Leo fuata maji uende juu. Usiniulize kwa nini."

"Na umwulize mtu njia," nikaongeza. "Mtu yeyote, polisi, mama mwenye mtoto. Umwambie, *I am lost*."

"Hiyo tuliiruka, Mwalimu," alisema Mama Kendi, na simu ikazimika. Alikuwa amekwenda London na simu yake ileile ya Kianjokoma, ambayo betri yake hufa ikijisikia.

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Ng'ombe wa Mzee Munyi walikuwa wanalia chini kule, saa ya kukamuliwa imefika, naye akajifanya hasikii. Wateja wa Gladwell walikuja mpaka kanisani kumtafuta, wakaambiwa wakae wasubiri kama wengine. Sikuweza kufundisha, wala hakuna aliyeniomba nifundishe. Nilikuwa na hasira na kitabu, na Kendi, na mto wa watu, na mimi mwenyewe.

Kisha tukaona Gladwell hayupo. Alikuwa ameshuka mpaka darajani kwenye mikaratusi, amejitwika gunia la pumba mgongoni mahali pa mtoto, na sasa alikuwa anapanda taratibu kwa mwendo wa mwanamke aliyechoka. Kila baada ya muda alisimama, akatupazia sauti.

"Sasa anaona kuba," aliita akiwa penye tangi.

Hakuna aliyemcheka. Tulimtazama akipanda, na kwa namna ambayo siwezi kueleza vizuri, tulikuwa tunamwona Mama Kendi. Alisimama akageuka kulitazama lile gurudumu la trekta ng'ambo ya kijito, akapumzika, akaweka gunia vizuri, akapanda tena. Alipofika penye ukuta wa kanisa aliushika kwa mkono, akahema.

"Amefika," alisema. "Kama hakusimama kuongea na watu, amefika."

Simu yangu ililia giza likiwa limeshaingia. Ilikuwa namba ya Kendi. Nikaona yamekwisha, amejua, mama yake atafungiwa. Nikajibu nikiwa nimetayarisha maneno makali, maana nilikuwa nimeamua kwamba liwalo na liwe, nitamtetea.

Lakini kwenye kioo walikuwepo wote watatu. Kendi, bado amevaa nguo za kazi, alikuwa amekaa sakafuni. Mama yake alikuwa juu kwenye kiti, Mukiri mapajani. Kendi macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anacheka.

"Mwalimu," alisema, "shikamoo. Mama alifika nyumbani kabla yangu. Kuba, gurudumu, saa, akavuka bridge, mpaka kwa mlango. Hakuuliza mtu."

"Sasa wewe umejuaje?" nilimwuliza.

"Ameniambia mwenyewe."

Tulimtazama Mama Kendi. Alikuwa anampangusa mtoto mdomo ambao haukuwa na kitu. "Ningenyamaza," alisema. "Hakuna mtu angejua. Nilikaa hapa nikasema nitanyamaza. Halafu akaingia, akaniuliza vile huniuliza kila siku, Mami, umepotea leo? Nikashindwa. Mtoto wa watu nilikuwa naye mgongoni. Kwa Kimeru mdomo ukakataa. Kwa Kiembu ukakataa. Nikamwambia kwa Kiingereza. *I am lost*."

"Nami nikamwambia, lakini Mami uko nyumbani," alisema Kendi. "Akaniambia tena. *I am lost*. Ndio akanieleza mambo ya mto." Alijifuta uso kwa mkono wa nguo. "Mwalimu, ule mto hugeuka kweli. Bahari huja ikausukuma unarudi nyuma, kila siku. Kisha unashuka tena."

"Na wanauacha?" aliuliza Mzee Munyi.

Kendi alicheka mpaka mtoto akashtuka. Kisha akawa anasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Mimi nilipokuja huku mwaka wa kwanza, nilitoka kazini nikataka kutembea. Nikatazama maji, nikapanda nikikutana nayo. Nani alinifunza hiyo? Hakuna mtu alinifunza. Nimezaliwa hapo kwenu. Nikaenda, nikaenda, nikajipata kwenye hiyo bridge ya minara, mvua inanyesha, nalia. Sikuwa na mtu wa kupigia. Ningemwambia nani? Ningewaambia wenzangu kazini nilikuwa natafuta mlima? Sijawahi kusema. Tangu siku hiyo mimi ni kazi na nyumba, kazi na nyumba. Ndio maana nilimwambia Mami asitoke. Niliogopa yeye naye asimame pale peke yake."

Nilikuwa nimemfundisha Kendi darasa la nne, mtoto mwenye kelele, na nilikuwa nimemwazia maneno makali jioni nzima. Mama yake aliweka mkono juu ya kichwa chake, kule sakafuni alikokaa, akauacha hapo.

"Na lile sharti lenu?" Gladwell aliuliza. Mtu wa biashara hapendi jambo libaki hewani.

"Limeisha," alisema Kendi. "Lakini Alhamisi ijayo niko off. Mnaweza kuniongeza kwenye class? Mami anajua huu mji kuliko mimi."

Alhamisi iliyofuata nilifika mapema, nikaandika ubaoni ile sentensi tuliyoiruka. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Lakini Mzee Munyi alisimama kabla sijaomba, akavua kofia, akaisema yote kwa sauti ya kanisani, *I am lost*, kisha akakaa na kututazama mmoja mmoja aone nani atamcheka. Gladwell akaisema. Wengine wakaisema, na baada ya muda tulikuwa tunaipokezana kama wimbo, tukicheka, watu wazima wenye wajukuu.

Simu ilikuwa dirishani, ikiegemea vitabu vya nyimbo. Kendi alikuwa ukingoni mwa mto na koti lake kubwa, mtoto amembeba yeye, na upepo unampiga usoni. Aliisema naye, kwa lafudhi ya hapa kwetu kabisa, ile aliyokuwa nayo darasa la nne. Kisha akaangalia mto kwa wasiwasi, akamwuliza mama yake leo maji yanaenda upande gani.

"Wacha maji," alisema Mama Kendi, akimgeuza kwa mabega. "*What can you see?*"

Na Kendi, ambaye ameishi mji ule miaka hiyo yote, akaanza kututajia kimoja kimoja.